Karatasi ya usiku na karatasi ya mchana

Siku hizi kuna mtindo wa kuzungumzia vijarida vya kujichapishia, vile ambavyo Wamarekani wanaviita zine, kana kwamba udogo wenyewe ni wema. Karatasi chache, picha za kukata na kubandika, mashine ya fotokopi, hakuna mhariri, hakuna tangazo la bia, hakuna wizara. Basi inachukuliwa kwamba humo ndani lazima mnyonge ndiye anayesema. Nimesoma makala nyingi za namna hiyo, nyingine nzuri sana, na kila nikimaliza moja najiuliza mbona hakuna anayetaja mfano wa hapa kwetu Mlimani. Nadhani ni kwa sababu unatuharibia hadithi. Mfano huo uliitwa Mzee Punch.

Mzee Punch hakuwa mtu. Lilikuwa jina la karatasi zilizobandikwa ukutani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa miaka mingi kabla ya 1990. Hazikuwa na sahihi ya mtu, ziliandikwa na kuchorwa na wanafunzi, zikabandikwa kwa siri na kusomwa hadharani. Ukitafuta sifa zote ambazo wapenzi wa vijarida vidogo wanazisifia, pale utazipata: kazi ya mikono, bure, kejeli, lugha ya vijana wenyewe, hakuna mkubwa aliyepitisha. Waliomtetea Mzee walisema ni kioo cha jamii ya chuo na kwamba hata watu wa utawala hawakusalimika. Utetezi huo una ukweli ndani yake. Nchi ilikuwa ya chama kimoja, Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 ilimpa waziri uwezo wa kulifungia gazeti, na mwanafunzi mwenye la kusema juu ya wakubwa alikuwa na sababu nzuri ya kulisema bila jina.

Lakini tazama nani alichorwa. Kadiri miaka ilivyokwenda, aliyekutwa ukutani mara kwa mara hakuwa mkubwa wa utawala. Alikuwa msichana. Kosa lake mara nyingi lilikuwa kumkataa mwanaume, au kumkubali asiyetakiwa, au kuvaa, au kutembea na mtu wa nje ya chuo, au kujibu darasani kwa sauti ambayo mtu hakuipenda. Mwili wake ulichorwa, maisha yake ya chumbani yakatungwa na kuandikwa, jina lake likawekwa kubwa. Na adhabu haikuishia kwenye karatasi. Aliyebandikwa alitengwa, wenzake walitakiwa wasikae naye, wasizungumze naye, na waliokaidi walijua kwamba zamu yao inaweza kufika. Mwenye kuandika alibaki bila jina. Aliyeandikwa ndiye aliyebeba jina peke yake, kutoka bwenini mpaka kafeteria mpaka darasani, huku watu wakicheka.

Ili uelewe uzito wa hilo, ni lazima ukumbuke wasichana pale chuoni walikuwa wachache kiasi gani. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka mtu afanye kazi kwanza, apate na kauli nzuri ya chama, ndipo aingie chuo kikuu. Kwa mvulana huo ulikuwa ucheleweshaji tu. Msichana katika miaka hiyo miwili ya kusubiri aliolewa, akazaa, akaambiwa shule sasa ya nini. Idadi ya wanawake walioingia chuoni ilishuka, na mwaka 1976 sharti hilo likaondolewa kwao. Uamuzi ulikuwa wa haki kabisa. Ila ulimpa mwanafunzi wa kiume, aliyekuja chuoni akiwa mtu mzima, labda ana familia kijijini, hoja ya kusemea kwenye bia: hawa wasichana wamebebwa. Sisemi kwamba hilo peke yake ndilo lililomzaa Mzee Punch. Nasema kwamba karatasi yenye chuki haianzi na kalamu. Inaanza na mtu anayeamini kwamba mwingine amekalia kiti chake.

Februari 1990, mwanafunzi mmoja wa kike wa chuo hicho alijiua baada ya kipindi cha kusumbuliwa kijinsia na kuandamwa na Punch. Jina lake limeandikwa katika vitabu na ripoti nyingi, na wengi walioliandika walikuwa na nia njema. Mimi sitaliandika hapa. Liliwahi kuandikwa vya kutosha.

Sasa njoo upande wa pili. Miaka miwili na kidogo kabla ya hapo, Novemba 1987, wanawake wachache waliokuwa waandishi na watangazaji walikuwa wamesajili chama chao, TAMWA, Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake Tanzania. Fatma Alloo, Edda Sanga, Leila Sheikh na wenzao hawakuwa watu wa pembeni katika taaluma. Sauti ya Edda Sanga ilijulikana nchi nzima kupitia Redio Tanzania. Lakini ukiangalia walikuwa wanafanya kazi katika mazingira gani, unaona kwa nini walihitaji chao. Magazeti ya kila siku yalikuwa mawili ya maana, Daily News la serikali na Uhuru la chama. Redio ilikuwa moja. Televisheni Bara haikuwepo kabisa. Wahariri walikuwa wanaume karibu wote, na habari ya mwanamke ilikuwa na mahali pake: mapishi, mitindo, malezi, na siku ya tarehe nane Machi hotuba ya mgeni rasmi.

Nimefanya kazi katika chumba cha habari ambacho, miaka ishirini na kitu baadaye, bado kilikuwa na dawati lililoitwa la wanawake na watoto, na aliyepelekwa hapo alipewa pole. Kwa hiyo naweza kukisia 1987 ilikuwaje.

Jarida lao lilitoka Machi 1988, kwa Siku ya Wanawake Duniani, na walilipa jina Sauti ya Siti. Hapa nataka kukaa kidogo, maana jina hilo wengi wanalipita haraka, wanadhani ni heshima tu kwa mwimbaji mashuhuri.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880, katika familia yenye asili ya utumwa. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Mtumwa. Alikuza sauti yake akitembeza vyungu vilivyofinyangwa na mama yake, akivinadi njiani. Hakupata shule. Alipoingia mjini akajifunza kuimba na wapigaji wa ala waliomkubali, na jina la Siti, jina la bibi wa heshima, alipewa huko. Mwaka 1928 alikwenda Bombay na kundi lake kurekodi santuri, wakati taarabu ya ikulu ilikuwa ya Kiarabu. Alikufa 1950, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Hayo yote yanajulikana. Kisichosemwa sana ni kwamba nyimbo zake zilikuwa habari. Watu walizisikiliza kama tunavyofungua simu asubuhi: nani kashtakiwa, hakimu kasema nini, karani gani kaiba fedha.

Wimbo wake unaoitwa Kijiti ni wa namna hiyo. Ni habari ya mwanamke mgeni kutoka bara, mjamzito, aliyebakwa na kuuawa Unguja. Mwanaume aliyetuhumiwa alikimbilia bara. Mahakamani, waliobanwa walikuwa wanawake wenzake waliotoka naye siku ile, kwa sababu kulikuwa na pombe katika hadithi hiyo. Basi serikali ya kikoloni ikapata wa kumwadhibu, na hakuwa muuaji. Mwanahistoria Laura Fair ameeleza vizuri jinsi watu wa Ng'ambo walivyoushika wimbo ule kama kumbukumbu ya kesi, tofauti na kumbukumbu ya mahakama. Ndiyo maana nasema waandishi wale wa 1988 hawakuchagua jina kwa uzuri wake. Walichagua mtu aliyekwisha kuifanya kazi wanayotaka kuifanya: kusimulia kesi ya mwanamke kutoka upande wa mwanamke, kwa lugha ambayo hata muuza samaki anaielewa.

Na kabla ya Siti ilikuwepo kanga. Najua, kila anayeandika juu ya wanawake wa pwani lazima apitie kwenye kanga, na wasomaji mmechoka. Nitaitaja kwa jambo moja tu. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, wanawake waliokuwa wakivalishwa kaniki, nguo ya mtumwa, waliikimbia na kushika kanga kwa pupa. Baadaye kidogo kanga ikapata maandishi, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kirumi. Kwa hiyo mtu aliyenyimwa nguo nzuri, na ambaye mara nyingi hakufundishwa kuandika, akawa anavaa sentensi. Lakini sentensi ile ilikuwa na kanuni yake: yule anayetupa kijembe anaonekana. Yuko ndani ya nguo. Ukinivalia kanga ya kunisema, nakuona ni wewe, na kesho naweza kununua yangu nikakujibu. Ndiyo tofauti na ukuta wa Mlimani. Kule aliyesemwa hakuwa na wa kumjibu.

Sauti ya Siti lilitoka kwa Kiswahili na Kiingereza. Lilizungumzia mambo ambayo magazeti makubwa yaliyapitia kwa aya mbili: wasichana wanaofukuzwa shule kwa mimba huku aliyewapa mimba anaendelea na kazi, mara nyingine kazi ya kufundisha, kupigwa majumbani, kubakwa, wanawake wazee wenye macho mekundu wanaouawa Usukumani kwa tuhuma za uchawi. Hilo la macho mekundu linafaa kuangaliwa mara mbili. Macho yale mara nyingi yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni, au wa samadi kavu pale ambapo kuni hazipatikani. Yaani mwanamke anapika maisha yake yote kwa moto wa watu maskini, halafu alama ya ule umaskini usoni mwake inakuwa ushahidi wa kumuulia. Ukitaka mfano wa jinsi jinsia na tabaka vinavyofungana hadi huwezi kuvitenganisha, huna haja ya kusoma nadharia ya mtu.

Kifo cha yule mwanafunzi kilipotokea, TAMWA walilishika jambo hilo, pamoja na wanawake wengine wa chuoni na mjini. Walichokifanya kilikuwa rahisi kukieleza na kigumu kukitenda: waliliita kwa jina lake. Mpaka hapo lilikuwa utani wa wanafunzi. Kwa Kiswahili cha kila siku hatukuwa hata na maneno. Tulikuwa na kutongoza, tulikuwa na utani, tulikuwa na kuchokoza. Unyanyasaji wa kijinsia ni maneno ambayo mwanangu wa darasa la nne anayasikia redioni akayapita. Kuna watu waliokaa wakayazoesha masikio ya nchi. Mzee Punch alikuwa anategemea sana ukosefu huo wa neno. Kama jambo halina jina, anayelalamika anaonekana hana uvumilivu wa mzaha.

Na walisaini. Hilo ndilo linalonivutia kuliko yote. Wanawake wale walikuwa na ajira kwenye vyombo vya serikali na chama, walikuwa na mabosi, wengine walikuwa na waume wenye vyeo vya kulinda. Karatasi ya usiku haikuwa na jina kwa sababu mwandishi wake hakuwa na hatari yoyote aliyotaka kuibeba. Karatasi ya mchana ilikuwa na majina ya watu wenye cha kupoteza. Ninapomsikia mtu akisema kwamba kutojitaja jina ni silaha ya mnyonge, namwambia ndiyo, inaweza kuwa, lakini uliza kwanza ni nani aliye ukutani.

Kuna kijarida kingine ninachokifikiria kila ninaposoma habari hizi, na ni cha mbali. Boston, Marekani, kati ya mwisho wa Januari na mwisho wa Mei 1979, waliuawa wanawake kumi na watatu, kumi na wawili kati yao Weusi. Katika maandamano ya Aprili, waliosimama kuzungumza walikuwa wanaume karibu wote, na ushauri ulikuwa kwamba wanawake wakae ndani au watembee na mlinzi. Barbara Smith, wa kundi la Combahee River Collective, alirudi nyumbani akaandika. Kijitabu chao kiliuliza kwa nini wanawake sita Weusi wamekufa, na kikasema sababu ni rangi na jinsia kwa pamoja, huwezi kuchagua moja. Maandamano yalikuwa yamesikia rangi peke yake. Kikaweka na maelezo ya kujilinda, na orodha ya pa kukimbilia. Wanawake walipoendelea kuuawa, hawakupanga jalada upya. Waliikata ile sita kwa mstari wakaandika saba. Kisha nane.

Sina namna ya kudai kwamba wanawake wa Dar walikisoma kijitabu kile. Nakitaja kwa sababu kinaonyesha karatasi ndogo inaweza kufanya nini ambacho gazeti kubwa haliwezi: kukiri kwamba habari haijaisha, kwa mstari wa kalamu juu ya tarakimu. Gazeti kubwa la Boston lilianza kwa kuweka vifo vile vya kwanza katika kurasa za ndani. Nani huko Dar alikuwa anahesabu vikongwe wa Usukumani?

Turudi nyumbani, na kwenye swali ambalo watu wa TAMWA wenyewe walilijua. Nani alilisoma Sauti ya Siti? Jarida lilipewa jina la mwanamke ambaye hakupata shule. Ni kweli kwamba kampeni za kisomo cha watu wazima za miaka ya 1970 zilikuwa zimefundisha wanawake wengi kusoma. Wengi waliketi darasani chini ya mwembe wakiwa na mtoto mgongoni. Lakini kujua kusoma na kupata cha kusoma ni mambo mawili. Miaka ya 1980 ilikuwa ya foleni za sukari na sabuni. Mwaka 1986 serikali ikafunga mkataba na Shirika la Fedha la Kimataifa, mshahara wa baba ukawa hautoshi wiki, na aliyeshika nyumba akawa mama kwa vitumbua, maandazi, kuku wa uani, pombe ya kienyeji. Mama huyo ndiye jarida lilikuwa linamzungumzia. Lakini huyo huyo, akiwa na shilingi, ananunua jarida au mafuta ya taa?

Hapo ndipo uhusiano wa kitabaka unapojitokeza ndani ya ufeministi wetu wenyewe, na hauondolewi na nia njema. Mwandishi mwenye diploma anakaa Dar es Salaam, anaandika juu ya mama wa kijijini, msomaji wake wa kwanza ni mwanamke mwingine wa ofisini, na wa pili, tuseme ukweli, ni mfadhili. Nimesoma ripoti za mashirika ya wanawake za miaka iliyofuata ambazo Kiswahili chake kimejaa wadau, mikakati na uwezeshwaji hadi unajiuliza zimeandikwa kwa ajili ya nani. Lugha ya Siti muuza vyungu ilipotea njiani mahali fulani kati ya warsha na warsha. Nasema hivi nikiwa mtu niliyelipwa posho katika warsha hizo.

TAMWA walikuwa na dawa moja ya tatizo hilo, nayo ilikuwa nzuri: hawakuliachia jarida kazi yote. Walitumia kile walichokiita mtindo wa kishindo. Waandishi wote wanaokubaliana, kwenye redio, kwenye Uhuru, kwenye Daily News, baadaye kwenye magazeti binafsi yaliyochipuka, wanatoa jambo moja kwa wakati mmoja, kutoka kila upande, kiasi kwamba mbunge akiamka hana pa kujificha. Jarida dogo likawa kama jiko ambamo hoja ilipikwa, halafu ikapakuliwa kwenye sahani za watu wengine. Redio ilifika kwa mama wa vitumbua bila kumwomba shilingi. Walifungua pia kituo cha kupokea wanawake waliopigwa na kubakwa, na hapo, kinyume na kawaida yetu waandishi, mtu hakuja ili awe habari. Alikuja ili asaidiwe.

Kishindo hicho, pamoja na kazi ya wanasheria wanawake na wengine wengi, kiliishia bungeni. Mwaka 1998 ilipitishwa sheria ya makosa ya kujamiiana. Ubakaji ukapata kifungo kisichopungua miaka thelathini. Kumkeketa msichana aliye chini ya miaka kumi na minane kukawa kosa la jinai. Na unyanyasaji wa kijinsia, yale maneno yasiyokuwepo, yakaingia kwenye kanuni ya adhabu.

Soma sheria hiyo kwa makini, hata hivyo. Mume anaweza kuhesabiwa kuwa amembaka mkewe ikiwa tu wametengana. Wakiwa wanaishi pamoja, sheria haina la kusema. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyokuwepo kabla ya jarida, kabla ya TAMWA, iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka kumi na tano kwa ridhaa ya wazazi, wakati mvulana alitakiwa asubiri kumi na nane. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Serikali ikakata rufaa. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaikataa rufaa hiyo. Tayari ilikuwa miaka thelathini na moja tangu toleo la kwanza la Sauti ya Siti, na msichana aliyezaliwa mwaka lile lilipotoka alikuwa ameshapita umri wa kuolewa mara mbili.